Moyo Hausomwi kwa Mabavu: Maisha ya Augustus Waller

Wanachuo wenzangu, muulize mwanafunzi yeyote wa tiba, awe wa binadamu au wa wanyama, nani alianzisha kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Atakujibu haraka: Einthoven. Hajakosea sana. Willem Einthoven, Mholanzi, ndiye aliyetengeneza mashine iliyofanya kipimo hicho kiaminike. Ndiye aliyeyapa mawimbi herufi P, Q, R, S na T, zile ambazo zimetukosesha usingizi kila mtihani unapokaribia. Na ndiye aliyechukua Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Lakini kabla yake yupo mtu ambaye katika vitabu vyetu anapewa mstari mmoja, akibahatika miwili. Anaitwa Augustus Desiré Waller. Mimi nasoma tiba ya wanyama, na tangu nilipotoka fildi kule Nachingwea na Ruangwa namwona Waller ndiye wetu hasa. Mgonjwa wake aliyejulikana kuliko wote hakuwa mtu. Alikuwa mbwa.

Waller alizaliwa Paris mwaka 1856. Baba yake, Mwingereza aitwaye Augustus Volney Waller, alikuwa mwanafiziolojia mkubwa. Waliosoma mishipa ya fahamu wanamjua, kwa sababu namna mshipa uliokatwa unavyooza kuanzia pale ulipokatwa inaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka huo huo wa 1856, kule Ujerumani, Kölliker na Müller walionyesha kwamba moyo wa chura hutoa umeme kidogo kila unapopiga. Kwa hiyo mtoto na elimu iliyokuja kumpa jina walianza safari mwaka mmoja.

Baba alifariki mwaka 1870, kijana akiwa na miaka 14. Akahamia Uskoti, akasomea udaktari Aberdeen, akahitimu mwaka 1878 na kupata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1881. Baadaye akaenda Leipzig kwa Carl Ludwig, ambaye maabara yake ilikuwa kama Makka ya wanafiziolojia wa wakati ule, kisha akarudi London kufanya kazi.

Mwaka 1883 alianza kufundisha katika chuo cha udaktari cha wanawake London. Huko alikutana na mwanafunzi aitwaye Alice Palmer, binti wa ukoo wenye kiwanda cha biskuti cha Huntley & Palmers, na mwaka 1885 wakaoana. Najua mnacheka. Leo mhadhiri akijaribu hivyo ataitwa kwenye kamati. Lakini Alice hakuwa pambo la nyumba: alifanya utafiti pamoja na mumewe, na fedha za kwao ziliwapa nafasi ya kuwa na maabara nyumbani. Hivyo Waller alifanya sehemu kubwa ya kazi yake akiwa kwake, na wanyama wa nyumbani wakipita kati ya meza. Hilo tulikumbuke, maana lina uzito mbele ya safari.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Hadi miaka ya 1880, aliyetaka kuona umeme wa moyo ilimbidi aufikie moyo wenyewe. Chura au kasa anapasuliwa, moyo unaachwa wazi, waya unagusishwa juu ya nyama inayopiga. Hakuna aliyewahi kupata umeme huo kwa kugusa ngozi tu. Waller alijiuliza swali ambalo likishaulizwa linaonekana la kawaida kabisa: kama mwili umejaa maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa nini umeme wa moyo usifike mkononi na mguuni?

Mwaka 1887, katika hospitali ya St Mary's, London, alipata jibu. Alitumia kifaa kilichobuniwa na Gabriel Lippmann: kijibomba cha kioo chembamba sana, ndani yake zebaki imegusana na asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Umeme ukibadilika hata kidogo, zebaki hupanda au kushuka. Taa ikimulikwa nyuma yake, kivuli cha zebaki huangukia kwenye bamba la picha. Ili mchoro usijilundike mahali pamoja, lazima bamba lisogee kwa mwendo usiobadilika. Waller alilifunga bamba hilo juu ya behewa la treni ya kuchezea watoto, likawa linapita polepole mbele ya mwanga. ECG ya kwanza ya binadamu duniani, basi, ilipanda treni ya kitoto. Aliyepimwa alikuwa Thomas Goswell, fundi wa maabara.

Mchoro wenyewe haukuwa mzuri. Zebaki ni nzito, haikuweza kuufuata moyo kwa kasi, kwa hiyo ilionyesha vilima viwili tu vilivyopinda. Lakini kilichokuwa kimethibitishwa ni kikubwa: moyo unaweza kusomwa kutoka nje, mgonjwa akiwa mzima, amesimama, anapumua, na baada ya kipimo anaondoka zake.

Mwaka 1889 wanafiziolojia walikutana Basel, Uswisi, katika kongamano lao la kwanza la kimataifa. Waller akawaonyesha kipimo chake, na Einthoven alikuwa miongoni mwa watazamaji. Aliporudi Uholanzi alianza kuutafutia dawa udhaifu wa zebaki, na mwanzoni mwa karne ya 20 akaja na mashine ya uzi: uzi mwembamba mno wa kwazi uliopakwa fedha, ukicheza katikati ya sumaku kubwa. Mashine ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha. Ila ilichora kwa usahihi. Na angalieni: hata kwa mashine hiyo, mgonjwa wa Einthoven bado alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Sehemu ya kugusana na mwili ilibaki ile ile.

Waller naye hakukaa kimya. Mwaka 1892 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Aliandika vitabu vya fiziolojia, na alihangaika sana na suala la kupima kiasi cha klorofomu, ili wagonjwa waliolazwa usingizi kwa upasuaji wasife kwa kuzidishiwa dozi. Kuanzia mwaka 1902 aliongoza maabara ya fiziolojia ya Chuo Kikuu cha London. Lakini watu wa mtaani walimfahamu kwa sababu ya Jimmie.

Jimmie alikuwa buldogi wa nyumbani kwa Waller. Alifundishwa kusimama kwa utulivu, mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma vikiwa ndani ya vyombo vya kioo vyenye maji ya chumvi, waya zikitoka humo hadi kwenye mashine. Hakufungwa wala hakuchomwa sindano ya usingizi, na hapakuwa na watu wanne wa kumkandamiza. Alisimama kwa sababu bwana wake alikuwa karibu na kwa sababu alikuwa amezoea. Moyo wake ukachorwa mbele ya hadhira nzima.

Ili kuelewa kwa nini hilo lilizua zogo, lazima tujue London ya miaka ile. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1876 ya kudhibiti majaribio kwa wanyama, na watu waliipima kila maabara kwa sheria hiyo. Mwaka 1903 ilizuka kashfa ya mbwa wa kahawia aliyepasuliwa mbele ya wanafunzi katika chuo kimoja cha London. Wapinzani wa upasuaji wa wanyama wakamjengea sanamu Battersea mwaka 1906. Desemba 1907 wanafunzi wa udaktari waliandamana wakitaka sanamu iondolewe, wakapigana na polisi mitaani. Ndiyo, wanafunzi kama sisi, na walichokuwa wakikipigania sijivunii hata kidogo. Sanamu iliondolewa mwaka 1910.

Katikati ya moto huo, mwaka 1909, Waller akampeleka Jimmie kwenye maonyesho ya Royal Society. Habari zikafika bungeni. Mbunge mmoja, Ellis Griffith, akamuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Gladstone, kama anajua kwamba mbwa amefungwa shingoni mkanda wa ngozi wenye misumari mikali na miguu yake ikatumbukizwa kwenye vyombo vya kemikali vilivyounganishwa na waya, na kama sheria ya ukatili haikuvunjwa. Waziri akajibu kwamba mkanda ulikuwa kola ya kawaida yenye vifungo vya shaba, na kemikali yenyewe ilikuwa chumvi ya mezani. Akaongeza kwamba mbunge, kama amewahi kutembea miguu peku baharini, atakuwa anajua vizuri mbwa alijisikiaje. Bunge likacheka, kesi ikaisha.

Wengi huisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi nadhani Griffith alikuwa na haki ya kuuliza. Mnyama hawezi kujitetea, lazima mtu amwulizie. Na jibu la waziri lilikuwa na nguvu kwa sababu moja tu: Jimmie kweli hakuwa anateseka. Angekuwa amefungwa kamba, anatetemeka na kubweka, maneno ya waziri yangekuwa uongo. Na mchoro wake pia ungekuwa uongo. Hapo ndipo maisha ya Waller yanapokutana na nilichokiona kusini.

Nilipokuwa fildi, tulikuwa na mashine ndogo ya ECG inayotumia betri, ya kubeba mkononi. Siku moja tulifika kijiji kimoja cha Ruangwa, kwa mzee mwenye mbwa wa kulinda shamba la mahindi na ufuta dhidi ya nguruwe pori na ngedere. Mbwa alikuwa akichoka haraka, akikimbia kidogo analala. Nyumbani walikuwa wameshaanza kusema kwamba ana ugonjwa wa moyo, na kwamba mbwa asiyefanya kazi ni wa kuondolewa tu. Hapo hakuna siri, kuondolewa maana yake ni kuuawa.

Vijana watatu wakamkamata, wakamfunga mdomo kwa kitambaa na miguu kwa kamba, wakamlaza. Mashine ilipowashwa, karatasi ilijaa vijistari kama majani ya mpunga kwenye upepo. Wimbi la P halionekani, mstari wa chini unapanda na kushuka, vilima vya moyo vinajitokeza ovyo. Mmoja wa wasaidizi akasema hii ni mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, mbwa hana maisha. Mzee alikuwa amekaa pembeni kimya. Akamwomba daktari wetu kwa adabu kwamba, kama hatutojali, tumfungue mnyama na tumwachie yeye.

Kamba zikafunguliwa. Mzee akatandika gunia chini ya mwembe, akakaa, akamwita mbwa. Tulisubiri kama robo saa. Mbwa akajilaza ubavu wa kulia, kichwa kwenye paja la mzee, kuhema kukapungua. Tukalowanisha manyoya kwa spiriti, tukabana vibanio upya, daktari akawasha mashine. Mchoro ukatoka safi. Kila kilima cha moyo kilitanguliwa na wimbi lake la P. Mwendo uliongeza kasi mbwa akivuta pumzi na kupungua akiitoa, jambo ambalo kwa mbwa mwenye afya ni la kawaida kabisa. Kilichoonekana mwanzo kama ugonjwa wa moyo kilikuwa ni misuli inayotetemeka kwa hofu.

Baada ya hapo daktari alimtazama fizi, zilikuwa nyeupe, na masikio yalijaa kupe. Tukachukua damu, kazi ikahamia huko. Mbwa hakuuawa. Mchoro wa kwanza ungeaminiwa, angeuawa.

Kwa hiyo niseme wazi, hasa kwa wenzangu mtakaokwenda fildi mwaka huu, mambo ambayo Jimmie na mbwa yule wa Ruangwa wamenifundisha.

Kwanza, mtulize mnyama kabla hujagusa mashine. Mwenyewe awepo, kelele ziishe, watazamaji wasogee. Mbwa anayehema kwa nguvu, paka anayekoroma kwa raha, mbuzi anayetetemeka, wote huingiza umeme wa misuli kwenye mchoro. Paka usilazimishe kumlaza ubavu, akikaa mwenyewe inatosha kama unachotaka ni mwendo wa moyo. Ukitaka kupima urefu wa mawimbi kwa mbwa ndipo ubavu wa kulia una umuhimu, maana vipimo vya vitabuni vilichukuliwa hivyo.

Pili, mlaze juu ya mkeka, gunia au blanketi. Meza ya chuma na sakafu yenye maji huleta fujo. Miguu isigusane, na vibanio visigusane.

Tatu, ngozi na kibanio vigusane vizuri. Waller alitumia maji ya chumvi, sisi tuna jeli au spiriti. Spiriti hukauka haraka, basi ongeza, ila usiisogeze karibu na moto. Kwa mashine zenye rangi za Ulaya, nyekundu inakwenda mguu wa mbele wa kulia, njano wa mbele wa kushoto, kijani wa nyuma wa kushoto, nyeusi wa nyuma wa kulia. Angalia mashine yako, maana za Kimarekani zina mpangilio mwingine. Ukibadilisha waya, moyo mzima utaonekana umepinduka.

Nne, umeme wa ukutani. Hapa nchini unapiga mara 50 kwa sekunde, na mchoro wako utaonyesha meno madogo yaliyolingana kama msumeno. Chomoa chaja, zima taa za mirija, weka simu mbali, tumia betri. Kijijini hapo tunawazidi wa mjini, chini ya mwembe hakuna taa ya mrija.

Tano, ng'ombe na mbuzi si mbwa wakubwa. Nyuzi zinazosambaza umeme zimeingia ndani kabisa ya nyama ya mioyo yao, kwa hiyo waya za miguuni hazikuambii mengi kuhusu ukubwa wa moyo. Weka kibanio kimoja kwenye mfereji wa shingo upande wa kulia na kingine nyuma ya kiwiko cha kushoto, mnyama akiwa amesimama. Unapata mwendo wa moyo vizuri, na hilo ndilo unalohitaji.

Mwishowe, andika kasi ya karatasi na kipimo. Milimita 25 au 50 kwa sekunde, milivolti 1 kwa milimita 10. Mchoro usio na maelezo hayo ni picha tu.

Nachingwea yenyewe inalifahamu somo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1947 Waingereza waliukuta mradi wa karanga kuwa mzuri kwenye makaratasi. Wakaleta mashine kubwa, wakajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mashine zilikuwepo. Waliokosekana ni watu wa kuisikiliza kwanza ardhi na mvua, na wakulima waliozijua. Mzee wa Ruangwa naye hakujua ECG ni nini, ila alimjua mbwa wake, na bila yeye mashine yetu ilikuwa inasema uongo.

Waller alifariki Machi 1922 baada ya kupigwa na kiharusi, miaka miwili kabla ya Einthoven kupokea tuzo. Jambo la kushangaza ni kwamba yeye mwenyewe hakuiona thamani ya mlango alioufungua. Hata mwaka 1911 bado alidhani kipimo chake hakitatumika sana hospitalini, labda mara moja moja tu kwa tatizo la nadra. Leo hakuna hospitali kubwa isiyo nacho, na sisi wa wanyama tunakibeba kwenye begi pikipiki ikipita kwenye mchanga. Alikosea kuhusu hospitali, lakini kuhusu mgonjwa alikuwa sahihi tangu mwanzo: kiumbe hai hupimwa akiwa ametulia, amesimama kwa hiari yake, na bila kupasuliwa.

Wengi wetu tutapangiwa wilaya ambako mashine ni moja, au haipo kabisa. Zitakapofika, zitafika zikiwa na skrini nzuri na programu ya kusoma mchoro yenyewe. Sawa, tuzipokee. Ila programu hiyo itasoma hofu ya mnyama kama ugonjwa, na itaandika jina la ugonjwa huo kwa herufi safi kabisa. Anayeweza kuizuia ni yule aliyeshika mnyama.